Kabla ya Tandiko

Leo nataka tumzungumzie kijana na farasi wake, na hasa kazi ya kila siku inayofanyika kabla kijana huyo hajatia mguu kwenye kikuku. Katika vituo vingi vinavyofundisha watoto kupanda farasi, mambo huenda hivi: mtoto anashushwa kwenye gari, anakuta farasi ameshapigwa brashi, ameshatandikwa, lijamu iko mdomoni, na saisi amemshikia kamba tayari. Mtoto anapandishwa, anazunguka uwanjani nusu saa au saa nzima, anashuka, anampapasa farasi shingoni, anarudi garini. Nyumbani wanasema mtoto wao anajifunza kupanda farasi. Mimi nasema anajifunza kukaa juu ya farasi, na hilo ni fungu dogo tu la somo. Hoja yangu leo ni moja: kumtunza farasi na kumfunza farasi ni kazi moja. Anayemlisha, anayemsafisha kwato, anayemtoa zizini na kumrudisha, huyo ndiye anayemfunza, atake asitake. Kwa hiyo kijana anayetaka kuwa mpanda farasi wa kweli apewe brashi, reki na toroli kabla ya kupewa hatamu, na asiviache vitu hivyo hata akishakuwa hodari.

Tuanze na farasi mwenyewe. Huyu ni mnyama anayewindwa, na porini uhai wake ulitegemea kuona hatari mapema na kukimbia kabla haijamfikia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, na yanamwezesha kuona karibu pande zote kwa wakati mmoja. Asipopaona ni pale tu mbele ya paji lake la uso na nyuma kabisa ya mkia. Mnyama wa namna hiyo hangoji umwambie jambo, anakusoma. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, mali ya mwalimu mmoja wa hesabu, Wilhelm von Osten. Watu waliamini Hans anajua kujumlisha na kutoa, kwa sababu akiulizwa swali alipiga ukwato chini mpaka idadi inapotimia, kisha akaacha. Mwaka 1907 mtaalamu wa saikolojia Oskar Pfungst alilichunguza jambo hilo, akagundua kwamba Hans alipatia pale tu muulizaji alipolijua jibu na farasi alipoweza kumwona. Muulizaji, bila kujijua, aliinamisha kichwa kidogo akingoja hesabu, na idadi ilipotimia kichwa kikainuka kidogo. Farasi aliiona dalili hiyo na kuacha kupiga. Wengi walikisimulia kisa hicho kama habari ya watu waliodanganyika. Kwangu ni ushahidi mzito: ikiwa farasi aliweza kusoma mwinuko wa kichwa ambao hata mwenye kichwa hakuujua, basi ataona pia mkono wa kijana unaotetemeka, hatua zake za papara, na pumzi aliyoibana kwa woga.

Na akishaona, anakumbuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2016 kwamba farasi akitazama picha ya uso wa mtu aliyekasirika, mapigo ya moyo wake hupanda upesi zaidi kuliko akitazama uso wenye furaha. Mwaka 2018 wakaenda mbele zaidi: farasi aliyeonyeshwa picha ya mtu akiwa na hasira, saa kadhaa baadaye alipokutana na mtu huyo ana kwa ana, sasa akiwa na uso wa kawaida, alimtazama kwa tahadhari. Hebu tupime maana yake. Mnyama huyu anahifadhi kumbukumbu ya uso wako, na kumbukumbu hiyo haikusanywi uwanjani peke yake. Inakusanywa unapofungua komeo la banda, unapomsogeza kando upate kuzoa samadi, unapomfunga kamba kwa pupa kwa sababu umechelewa. Kwa mnyama wa aina hii haiwezekani kusema somo linaanza saa kumi na kumalizika saa kumi na moja jioni. Saa zote alizo nawe ni saa za darasa.

Chukua kazi moja tu, ya kusafisha kwato, kwa kuwa ndani yake mna elimu nzima. Kijana anasimama ubavuni mwa farasi, uso ukielekea mkiani. Anaweka mkono begani, anaushusha taratibu nyuma ya mguu mpaka juu kidogo ya kifundo, kisha anabana kidogo. Farasi akihamishia uzito wake kwenye miguu mingine na kuinua ukwato, kijana anaacha kubana papo hapo na kuupokea ukwato kiganjani. Anachokonoa udongo na samadi kwa kulabu, kutoka kisigino kwenda ncha, akiiepuka ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati. Ananusa: harufu ya uozo inamwambia banda lina unyevu na ukwato umeanza kuharibika. Anagusa: ukwato mmoja ukiwa wa moto kuliko nyingine, kuna maumivu yanakuja. Anatazama kama kuna jiwe, msumari au ufa. Ukwato hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kila baada ya wiki sita hadi nane fundi wa kwato anahitajika, na atakayemwita kwa wakati ni yule anayezitazama kila siku.

Huo ni utunzaji. Lakini tazama kilichotendeka kwa upande wa mafunzo. Farasi amebanwa kidogo, ameitika, na alipoitika tu ule mbano ukaondoka. Karibu mafunzo yote ya kupanda yamesimama juu ya kanuni hiyo. Mguu wa mpandaji unagusa ubavu, farasi anasonga mbele, mguu unalegea. Hatamu inakazwa kidogo, farasi anasimama, mkono unalegea. Farasi hupata jibu lake katika kule kulegea, na kulegea kukichelewa, hata kwa sekunde chache, hajui tena ni kitendo kipi kilichompa nafuu. Kijana anayesafisha kwato nne asubuhi na nne jioni amelifanyia mazoezi somo hilo mara nane kwa siku, akiwa chini, mahali ambapo kosa lake halimuumizi mnyama mdomoni. Ukimnyima kazi hiyo kwa kudhani unampunguzia uchafu, umemnyima mazoezi ya mkono na ya wakati, vitu viwili ambavyo baadaye mwalimu atamfokea kwa kuvikosa.

Vivyo hivyo njia ya kutoka zizini kwenda malishoni. Farasi akiona majani mabichi kandokando atavuta. Kijana akikubali kuburutwa mara moja, farasi amejifunza kwamba kuvuta kunalipa. Kesho atavuta zaidi, na keshokutwa, kijana akiwa juu ya tandiko, mnyama huyo huyo atanyoosha shingo na kumpokonya hatamu. Hapo mwalimu atailaumu mikono ya kijana, mwingine atapendekeza lijamu kali zaidi, ilhali kosa lilitendeka kwenye lango la malisho. Na kinyume chake ni kweli. Kijana anayemtaka farasi asimame kabla lango halijafunguliwa, asiyemruhusu kumpita bega wala kumsukuma, na anayefanya hivyo leo, kesho na mtondo bila kubadilika, siku anapopanda hukuta farasi ameshajua kungoja. Farasi hana kanuni za chini na kanuni za juu. Mtu aliyemvumilia langoni ndiye mtu yule yule anayemkuta mgongoni.

Chakula nacho kina somo lake. Tumbo la farasi ni dogo ukilipima na mwili wake. Hubeba lita 8 hadi 15 hivi, na hutoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali. Kwa asili yake farasi hula majani kidogo kidogo sehemu kubwa ya siku, na mate yanayotoka akitafuna ndiyo yanayopooza ukali wa asidi hiyo. Akifungiwa na kupewa milo miwili mikubwa ya nafaka, asidi hukaa saa nyingi bila cha kuipooza, na vidonda vya tumbo hufuata. Tena farasi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite njia nzima, na majani humeng'enywa nyuma kabisa, katika utumbo mpana, kwa msaada wa vijidudu vinavyovurugika chakula kikibadilishwa ghafla. Ndiyo maana msokoto wa tumbo ni miongoni mwa maradhi yanayoua farasi wengi, na ndiyo maana chakula kipya huingizwa polepole kwa wiki moja au mbili. Farasi wa kilo 450 anahitaji takriban kilo 9 za hei kwa siku, iwe Boma Rhodes au nyasi nyingine nzuri isiyo na ukungu, na maji safi lita 25 hadi 50 kutegemea joto na kazi. Nafaka hutolewa kwa kadiri ya kazi anayofanya. Kijana anayepima chakula hicho kwa mkono wake ataelewa jambo ambalo anayeletewa farasi mlangoni hawezi kulielewa: farasi anayerusha mateke Jumamosi huenda hana ukaidi wowote, alifungiwa siku tatu huku akilishwa nafaka ya farasi anayefanya kazi. Anayejua hivyo atapunguza nafaka na kumtoa nje. Asiyejua atachukua kiboko.

Kumpiga brashi nako wengi hukuona kama kumpamba. Mkono unaopita mwili mzima kila siku unaujua mwili huo. Unajua palipovimba jana na leo, mwiba ulipochoma, kupe alipojificha chini ya mkia. Zaidi ya yote unaujua mgongo. Farasi anayenywea brashi inapopita mahali tandiko linapokaa anatoa taarifa kwamba tandiko linamuumiza. Baada ya kazi, jasho likienea chini ya tandiko lakini pakabaki doa moja kavu, mara nyingi hapo ndipo palipobanwa kupita kiasi. Na nywele nyeupe zilizoota mgongoni mwa farasi mwekundu au mweusi ni alama ya jeraha la tandiko la zamani. Kijana aliyeyaona hayo hatashangaa farasi akikataa kuruka kizuizi, wala hatamwita mvivu. Na kule kusugua kwenyewe kuna kazi yake. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti juu ya farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Ulionyesha kwamba farasi akikunwa pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi wenyewe hupenda kukunana, mapigo ya moyo wake hushuka. Basi kijana aliyemsugua farasi wake kabla ya kumtandika amepanda mnyama aliyetulia, na ameuandaa utulivu huo kwa mikono yake mwenyewe.

Ndipo tunafika kwenye mazoezi yenyewe, na hapo pia mtunzaji ndiye mwenye hesabu. Moyo na misuli ya farasi huimarika ndani ya wiki chache, bali kano na mifupa huchukua miezi. Mtego uko hapo: farasi anajisikia ana nguvu, kijana anajisikia hivyo hivyo, wakati kano za miguu ya mbele bado hazijawa tayari. Wafunzaji wenye busara huanza na wiki nyingi za kutembea tu, huongeza mwendo wa telki kidogo kidogo, na shoti huja mwisho. Kijana anayejua kwamba moyo wa farasi aliyepumzika hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na kwamba joto lake la kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, ana kipimo cha kumwambia leo tuongeze au tupumzike. Katika mashindano ya masafa marefu, mchezo unaopendwa sana nchi za Ghuba, madaktari wa mifugo hupima mapigo hayo vituoni, na farasi ambaye moyo wake haukushuka mpaka 64 ndani ya muda uliowekwa huondolewa, hata kama ndiye aliyetangulia. Sheria hiyo inakubaliana na hoja yangu: mbio zilizompita mnyama uwezo wake hazihesabiwi.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Farasi hakuenea katika nchi zetu kama alivyoenea kwingine, na sababu kubwa ni maradhi: mbung'o anayeleta nagana, na homa ya farasi ya Afrika inayoenezwa na visubi wanaouma zaidi kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Pundamilia huvibeba virusi vya homa hiyo bila kuugua sana, lakini farasi akipatwa vibaya anaweza kufa ndani ya siku chache. Chanjo ipo na hurudiwa kila mwaka. Hata hivyo chanjo haimwingizi farasi bandani kabla jua halijatua, haiondoi samadi na matope ambamo visubi huzaliana, wala haipimi joto asubuhi. Hayo hufanywa na mtu. Kupe nao huleta ugonjwa wa damu unaopausha ufizi au kuufanya wa manjano, na anayeugundua mapema ni yule aliyezoea kuinua mdomo wa farasi kila siku na kujua rangi yake ya kawaida. Katika mazingira kama haya kijana asiyemtunza farasi wake anategemea bahati.

Wala hoja hii si ya leo. Xenophon, mwanajeshi wa Kigiriki, aliandika kitabu kizima juu ya upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Humo alishauri mtoto wa farasi alelewe hivi: njaa, kiu na bughudha ya nzi avikute akiwa peke yake, na chakula, maji na nafuu avipate kwa binadamu, ili ajifunze kuwatamani watu. Akaonya pia kwamba mtu asimshughulikie farasi akiwa na hasira. Aliyesema hayo alikuwa mtu wa vita, aliyehitaji farasi wa kumbeba kwenye mikuki. Huko Uingereza, chama cha watoto wapanda farasi, Pony Club, kilichoanzishwa mwaka 1929, huwapima wanachama wake kwa madaraja, na tangu daraja la chini mtoto hapimwi kupanda tu, hupimwa pia anavyomtunza mnyama. Waliotangulia walijua kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba methali hiyo inawahusu mtoto na farasi kwa pamoja.

Sasa niyajibu mapingamizi, kwa kuwa yapo na baadhi yana nguvu. La kwanza: mbona majoki hushinda mbio juu ya farasi ambao hawajawalisha hata siku moja? Kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, joki mmoja anaweza kupanda farasi kadhaa alasiri moja. Ni kweli. Lakini kila farasi pale ana saisi aliyemhudumia tangu alfajiri, anayejua alibakiza kiasi gani cha chakula na mguu upi ulikuwa na joto, na ana mfunzaji aliyepanga kazi yake kwa miezi. Joki anavuna shamba lililolimwa na wengine. Kwa hiyo mfano huo hautangui hoja yangu. Unaonyesha tu kwamba kazi inaweza kugawanywa kati ya watu waliokwisha kuijua. Kijana anayejifunza bado hajaijua, na akianza na mavuno hatajua kamwe kulima.

Tena tazama kinachotokea mnyama anapopoteza utulivu na mpandaji hana akiba yoyote naye. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, mashindano ya pentathloni ya kisasa, yaliyokuwa na upandaji farasi ndani yake, yalifuata utaratibu wa wakati ule: mwanamichezo alipewa kwa kura farasi asiyemjua, na dakika 20 tu za kuzoeana naye kabla ya kuruka vizuizi. Mjerumani Annika Schleu aliingia uwanjani akiwa anaongoza. Farasi aliyempata, Saint Boy, alikuwa ameshagoma kwa mpandaji aliyetangulia, na kwake pia akagoma. Mpandaji alilia huku akitumia kiboko, kocha wake akampiga farasi ngumi na kuondolewa mashindanoni. Baadaye shirikisho la mchezo huo liliamua kuutoa upandaji farasi kwenye pentathloni, na Paris 2024 ikawa mara yake ya mwisho katika Olimpiki. Atakayesema kwamba wapo waliomaliza salama siku ile hajakosea. Walimaliza juu ya farasi tulivu waliofunzwa na watu wengine. Lakini farasi akishaogopa, dakika 20 hazitoshi kumpa sababu ya kukuamini, na mpandaji asiye na imani ya mnyama hubaki na nguvu tu. Nguvu za binadamu mbele ya kilo 450 hazifiki mbali.

Pingamizi la pili ni la wale wanaosema malezi ya kubembeleza humharibu farasi, kwamba mnyama mkubwa anahitaji kumwogopa bwana wake. Nakubali kwamba mnyama mkubwa anahitaji mipaka, na nimekwisha kusema kijana asikubali kusukumwa wala kuburutwa. Tofauti yetu iko katika kinachoweka mpaka. Maumivu yanayokuja leo na yasije kesho, kutegemea hasira za mwenye kiboko, hayamfunzi farasi kanuni; yanamfunza kukaa macho dhidi ya mtu huyo. Kinachomfunza ni mtu yule yule kutaka jambo lile lile kwa namna ile ile kila siku, na kulegeza mara linapofanyika. Uthabiti huo huwezi kuununua kwa saa moja ya wiki. Unajengwa na ratiba ya kulisha, kusafisha na kuongoza. Kwa maneno mengine, hata anayetaka farasi mtiifu kwa ajili ya utiifu tu atalazimika kupita njia ya utunzaji.

La tatu ni la wazazi: mtoto ana shule, muda uko wapi, na kwa nini afanye kazi ambayo saisi analipwa kuifanya? Hapa sidai mtoto ahamie bandani. Nadai mpangilio wa saa alizo nazo ubadilike. Ikiwa familia imelipia saa moja, dakika 20 za mwanzo ziwe za kumtoa farasi, brashi, kwato na kumtandika, na dakika 10 za mwisho ziwe za kumtembeza mpaka apoe, kumvua tandiko na kuukagua mgongo. Siku za likizo akae asubuhi nzima, azoe samadi, abadilishe maranda, apime hei. Kwa kazi ya saisi, haya hayamnyang'anyi riziki. Yanampa cheo anachostahili, cha ualimu. Mara nyingi mtu anayemjua farasi kuliko wote kituoni ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote na kuulizwa mara chache kuliko wote. Mtoto anayeambiwa, "Leo utajifunza kwa saisi," anajifunza pia kumheshimu mtu anayefanya kazi kwa mikono, na vituo vinavyotoza ada ya mafunzo vinapaswa kumlipa saisi kama mwalimu anapofundisha.

Wengine wanahofia hatari, na hofu yao ni ya haki. Mtoto anaweza kukanyagwa au kupigwa teke akiwa chini. Kwa sababu hiyo hiyo lazima afundishwe chini, akiwa na mtu mzima kando yake: amkaribie farasi kwa pembeni ya bega huku akisema naye, asipite nyuma yake kwa ghafla, asijizungushie kamba mkononi, avae viatu imara na kofia ngumu. Mtoto aliyezuiwa asikaribie miguu ya farasi hajalindwa. Ipo siku atalazimika kushuka katikati ya njia, farasi ameingiwa na jiwe ukwatoni, na siku hiyo hakutakuwa na saisi.

Mwisho kuna msikilizaji anayejiuliza: farasi ni mchezo wa matajiri, yananihusu nini? Yanakuhusu kama una punda. Lamu, ambako magari ni machache mno na punda ndio wanaobeba mawe, mchanga na mizigo ya soko, vijana wanaoshindana katika mbio za punda hupanda wanyama wa aina ile ile wanayofanya nayo kazi kila siku. Tangu mwaka 1987 iko hospitali ya punda mjini Lamu, na majeraha ya mizigo na kamba, kwato zilizoachwa zikapinda, na kiu ni matatizo yale yale niliyoyataja kwa farasi. Nenda Oman, ambako ardha, yaani maonyesho ya jadi ya farasi na ngamia, iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2018, utaona wapandaji wamesimama wima juu ya migongo ya farasi wanaokimbia sambamba, wameshikana mikono. Hakuna kiboko kinachoweza kulifanya hilo. Awe mtoto wa tajiri au kijana wa mkokoteni, mnyama anampima kwa kipimo kimoja: unanishikaje kila siku?

Kwa hiyo ninayoyapendekeza ni machache na yanawezekana. Kituo chochote kinachofundisha watoto kisimpandishe mtoto kabla hajaweza kumkaribia farasi salama, kumwongoza, kuinua kwato zote nne na kueleza mnyama huyo anakula nini na kwa nini. Mzazi anayelipa aulize hayo kabla ya kuuliza mtoto ataanza kuruka lini. Kila farasi awe na daftari lake, ambamo kijana anaandika chakula, maji, joto, kazi aliyofanya na alichokiona mwilini, na mwalimu alisome daftari hilo kabla ya kupanga somo. Na cheti cha kupanda farasi kisitolewe kwa mtu ambaye hajapita mtihani wa bandani mbele ya saisi. Anayemtaka farasi amtumikie na aanze kwa kumtumikia farasi, kila siku, kwa namna moja, na kwa moyo mtulivu.